SOMO LA VIKUNDI: MASHINE IKINYAMAZA, TUFANYE NINI?
Yale tunayojifunza kwa kiwanda cha nguo cha Rivatex, Eldoret



Katika safari zetu vijijini tunakuta mali nyingi za jamii zimelala. Pale kuna kibanda cha mashine ya posho, kule bohari ya ushirika, kwingine josho la ng'ombe limeota nyasi. Zilijengwa kwa jasho na harambee. Sasa wengine wanasema, "Tuuze chuma kwa kilo, tugawane pesa." Wengine wanasema, "Aka! Hii ni jasho la wazazi wetu." Ubishi huu unavunja vikundi. Kabla ya kupiga kura, tusome habari ya kiwanda kikubwa tunachokijua.

1. Kilivyoanza

Rivatex, yaani Rift Valley Textiles, ilianzishwa katikati ya miaka ya 1970. Serikali iliweka mtaji kupitia shirika la ICDC pamoja na wabia wengine. Kazi yote ilifanyika chini ya paa moja: pamba iliyochambuliwa inaingia, inasokotwa kuwa nyuzi, nyuzi zinafumwa kuwa kitambaa, kitambaa kinatiwa rangi na kupigwa chapa.

Lakini tukumbuke jambo moja. Uasin Gishu ni nchi ya mahindi na ngano. Ni baridi mno kwa pamba. Pamba hutoka kwenye joto, kama Bonde la Kerio, Baringo na Busia. Tena katika kilo tatu anazovuna mkulima, mbegu ikishatolewa hubaki kama kilo moja tu ya pamba safi. Kwa hiyo kiwanda kilitegemea mkulima wa mbali, kinu cha kuchambulia na barabara. Mmoja wao akikwama, Eldoret nayo inakwama.

2. Kwa nini kilianguka

Kwanza, mkulima alichoka. Pamba ilichukuliwa, malipo yakachelewa miezi mingi. Mtu akingoja pesa mpaka watoto wafukuzwe shule, msimu ujao anapanda kitu kingine. Pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990 soko lilifunguliwa. Mitumba na nguo za nje zikajaa, na bei yake kiwanda hakikuiweza. Tatu, mitambo ilizeeka na madeni yakapanda. Rivatex haikuwa peke yake: Kicomi ya Kisumu na Mountex ya Nanyuki pia zilifungwa.

Mwishowe Rivatex iliwekwa chini ya mrasimu, yaani mtu anayekabidhiwa mali ya kampuni iliyoshindwa na madeni ili wadai walipwe. Kufikia mwaka 2000 mashine zilikuwa kimya. Kiwanda kinapofungwa si mfanyakazi peke yake anayeumia. Mama wa githeri langoni, mwenye nyumba za kupanga, fundi wa baiskeli, wote wanahesabu hasara.

3. Kilivyopata kazi mpya

Mwaka 2007 Chuo Kikuu cha Moi kilinunua kiwanda kwa shilingi milioni 205. Hakikusudia kuuza nguo tu. Wanafunzi wa uhandisi wa nguo walipata mahali pa kushika mashine kwa mikono, walimu wakapata mahali pa utafiti, na kitambaa kikaendelea kutengenezwa. Majengo yale yale, kazi tatu.

Baadaye serikali ya India ilitoa mkopo wa karibu dola milioni 30 kwa mitambo mipya, na tarehe 21 Juni 2019 Rais Uhuru Kenyatta alikifungua upya. Mwaka 2020, wakati wa korona, kilishona barakoa.

Je, shida ziliisha? Hapana. Mitambo mipya ilihitaji pamba nyingi, na pamba ya wakulima wetu haikutosha. Mashine inanunuliwa kwa siku moja, lakini imani ya mkulima hairudi kwa siku moja.

4. Tupige hesabu

Huu ni mfano tu. Kikundi cha watu 30 kina kibanda na mashine mbovu ya posho. Mnunuzi anatoa shilingi 60,000 kwa vyote. Kila mtu atapata 2,000, na mambo yataishia hapo.

Njia ya pili: mnatumia 15,000 kurekebisha paa na mlango, mnakipangisha kwa 2,500 kwa mwezi. Kwa mwaka ni 30,000. Mkitoa 8,000 za matengenezo, zinabaki 22,000. Kwa miaka minne ni 88,000. Toeni zile 15,000 za kwanza, mnabaki na 73,000, na kibanda bado ni chenu.

Lakini tusijidanganye. Hesabu hii inasimama tu kama mpangaji yupo. Kama hayupo, kuuza si dhambi. Kuacha mali ioze huku tukibishana ndiyo hasara kubwa.

5. Ya kukumbuka

- Tafuteni sababu ya kuanguka kabla ya kununua mashine nyingine.
- Anayewaletea mahindi, maziwa au pamba alipwe kwa wakati.
- Jengo moja laweza kufanya kazi zaidi ya moja.
- Hati ya shamba na stakabadhi zikae mahali salama, na wanachama wote wajue ni wapi.

Maswali ya kujadiliana

1. Ni mali gani ya jamii imelala kijijini kwetu? Ni ya nani kisheria?
2. Ilikwama kwa sababu ya mashine, soko, malipo au uongozi?
3. Nani angeitumia leo, na angelipa nini?

Kazi ya mwezi huu: chagueni watu watatu, akiwemo mama mmoja na kijana mmoja, wakaikague mali hiyo. Waandike hali ya paa, kuta, mashine na hati, kisha waulize watu watano kama wangeipangisha. Ripoti isomwe mbele ya wote. Uamuzi wa kuuza au kutengeneza ufanywe baada ya hapo, si kabla.

Haba na haba hujaza kibaba.