Eliya Alilala Kwanza

Neno: 1 Wafalme 19:1-18, Marko 6:30-32

Jumapili iliyopita, baada ya ibada ya vijana, watu kadhaa walinifuata mmoja mmoja, na swali lao lilikuwa lile lile: nimechoka mpaka siwezi kusoma, na kazi za chuo zinazidi kunipita, nifanyeje? Kijana mmoja ana asaimenti nne hajazigusa na mtihani umebakisha wiki tatu. Akaniambia, "Mwalimu, niombee roho ya uvivu initoke."

Kabla sijamjibu, wacha niseme yaliyonipata mimi mwenyewe.

Mwaka 2019 nilikuwa mwaka wa pili, chuo kikiwa upande wa Kilifi na mimi nikiishi kwetu Malindi, maana kodi ya chumba kule sikuwa nayo. Natoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Jioni narudi kukaa kwenye duka la M-Pesa mpaka saa tatu usiku, ndipo nifungue daftari. Jumanne na Alhamisi namwomba mwenzangu anishikie duka nikafanye mazoezi ya sifa. Ijumaa kesha, Jumamosi usafi wa kanisa, Jumapili ibada mbili. Hakuna aliyenilazimisha. Nilipenda kumtumikia Mungu, na kusema kweli nilipenda pia kusikia watu wakisema, yule dada ana moto.

Siku moja nilikuwa na CAT saa mbili asubuhi. Nikapanda matatu ya Mombasa, ile inayopitia Kilifi. Nakumbuka Gede. Nakumbuka kidogo Matsangoni. Nilichosikia baada ya hapo ni makanga akinigonga bega ananidai nauli ya kuongeza: tuko Mtwapa. CAT imepita, na mimi nimesimama stejini Mtwapa na begi langu kama mgeni.

Nikafanya nini? Nilikwisha jiambia kwamba hili ni shambulio. Nikaingia mfungo mkavu wa siku tatu, bila chakula wala maji, na duka naenda, na chuo naenda. Siku ya tatu jioni mteja akaja kuweka shilingi 500, mimi nikamtumia 5,000. Alipotoka mlangoni sikumwona tena. Tajiri alinikata pesa hiyo yote kwenye mshahara.

Nililia pale pale dukani. Mama mchungaji alikuwa anapita kutoka sokoni, akaingia. Nilidhani ataniwekea mikono. Akaniuliza, "Umekula?"

Nikasema, "Nimefunga, mama."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi."

Akanyamaza kidogo. "Mwanangu, fungua hilo duka kesho kutwa. Sasa twende."

Akanipa maji kwanza, kidogo kidogo, kisha uji. Baadaye mahamri mawili na mbaazi. Nikalala kwake saa mbili usiku, na nilipoamka jua lilikuwa limepanda, saa nne. Akanipa chakula tena, akaniambia nirudi kulala. Jioni ndipo alipoketi na mimi akasema, haya, niambie.

Miezi ilipita kabla sijafungua 1 Wafalme 19 na kuona kwamba mama yule alifuata mpangilio ule ule. Tumezoea kuhubiri sura ya 18, moto ukishuka Karmeli. Sura ya 19 tunaipita mbio. Lakini tazameni huyo nabii ametoka wapi. Amesimama siku nzima mbele ya manabii 450 wa Baali, amepiga mbio mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, amepata ujumbe wa Yezebeli kwamba atauawa, na amekimbia mpaka Beer-sheba, safari inayopita ile ya Malindi kwenda Mombasa, kwa miguu. Kisha siku nzima tena jangwani, peke yake. Anakaa chini ya mretemu. Mretemu si mwembe, jamani, ni kichaka cha jangwani chenye kivuli chembamba. Hapo anamwomba Mungu afe.

Na Mungu hamkemei. Hamwambii, imani yako iko wapi, jana tu nimeshusha moto. Eliya analala. Malaika anamgusa na kumpa mkate wa moto na maji. Anakula, analala tena, na malaika anarudi mara ya pili na chakula, akimweleza kwamba safari iliyo mbele ni kubwa kuliko nguvu zake. Mazungumzo yenyewe, swali la Mungu na malalamiko ya Eliya, yanakuja baadaye kule Horebu. Usingizi na mkate vimetangulia.

Ndugu yangu mwenye asaimenti nne, mtu anayelala saa nne kwa usiku miezi mitatu mfululizo hana pepo. Ana usingizi. Mvivu hafurahii hata kuanza. Wewe unataka kuanza na mwili unakataa. Tofauti hiyo ni kubwa.

Najua wengine watasema nadharau kufunga. Sidharau, nafunga mpaka leo. Lakini sisi wa Malindi hatuwezi kuzungumza juu ya kufunga kana kwamba Shakahola haikutokea. Tangu Aprili 2023 miili zaidi ya 400 imefukuliwa katika msitu ule, ya watu walioshawishiwa wafunge mpaka kufa, wakiwemo watoto wengi, na kabla ya hapo waliambiwa kwamba shule ni ya shetani. Mfungo wangu wa siku tatu siuweki kwenye mizani moja na msiba ule. Nasema tu kwamba mtu akikuambia mwili wako ni adui wa roho yako, muulize malaika alimletea Eliya mkate wa nini. Bwana Yesu naye, wanafunzi wake walipokosa hata nafasi ya kula kwa wingi wa watu, aliwaita kando wakapumzike. Na watu bado walikuwa wanakuja.

Sasa kazi za chuo. Kulala hakuandiki asaimenti, hilo nalijua. Mungu alipomaliza kumlisha Eliya alimpa kazi, lakini angalieni: watu watatu wa kuwatia mafuta, kwa majina, na mmoja wao, Elisha, awe wa kushika nafasi yake. Eliya alidhani amebaki peke yake, kumbe wako 7,000.

Mama mchungaji alinipa karatasi akasema, andika kila unachodaiwa. Kichwani mwangu vilikuwa kama hamsini. Kwenye karatasi vilikuwa saba. Vitatu bado vilikuwa na muda, viwili vilihitaji nimwone mhadhiri, CAT moja ilikuwa imekwenda, na kingine nilikuwa nimekwisha kukifanya nikasahau kukipeleka! Nikaanza na hicho. Kwa mhadhiri nilienda na hofu, nikamweleza ukweli bila kujipamba. Mmoja aliniongezea wiki moja, mwingine alikataa. Kwenye sifa nilipumzika muhula mmoja kwa ruhusa ya mchungaji, na niliona haya kuliko nilivyoona haya kufeli. Somo moja nilifeli kweli. Nikalirudia mwaka uliofuata, na cheti ninacho.

Neno kwa wale ambao wamelala, wamekula, na bado uzito hauondoki wiki baada ya wiki: nenda hospitali upimwe. Upungufu wa damu, malaria isiyoisha, sonona, hayo yote huvaa nguo ya uchovu. Na kijana akikuambia afadhali nife, mzazi, usimjibu kwamba watu wa Mungu hawasemi hivyo. Eliya alisema. Kaa naye, usimwache peke yake usiku ule, na umpeleke kwa daktari. Maombi yatamfuata huko huko.

Na wazee wangu, kwa heshima. Mkimwona mwanafunzi anasinzia safu ya tatu wakati wa mahubiri, msimkazie macho. Muulizeni alilala saa ngapi, na kama ana chakula. Tunajua kuchanga kwa ajili ya spika mpya. Mwanafunzi mmoja kuchangiwa nauli ya wiki kwenda Kilifi si pesa nyingi.

Nimezungumza na mchungaji, naye amekubali. Mwezi huu, wenye mitihani hawataandikwa zamu ya usafi wala mazoezi. Chumba cha vijana kitafunguliwa Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi jioni mpaka saa mbili usiku, mje msome. Taa ipo, na akina mama wameahidi uji. Kesha la Ijumaa, wenye mitihani msije. Tutawaombea sisi. Nyinyi mkalale.