Skrubu Ikiliwa Kichwa, Usiongeze Nguvu

Mdogo wangu uliyeniandikia kuhusu saa ya marehemu babu, weka bisibisi chini kwanza. Unasema skrubu moja imeliwa kichwa na fundi kakwambia hiyo basi tena. Siyo basi tena, ila ukiendelea kuikoroga kwa ncha ya kisu, itakuwa.

Nyie mnaopenda kufungua saa za kutia ufunguo, sikieni: mara nyingi skrubu haiharibiwi na uzee, inaharibiwa na bisibisi isiyo saizi yake. Ncha inatakiwa ienee mkato mzima, upande hadi upande, na ikae bila kucheza. Ikiwa nyembamba inakwangua katikati, ikiwa pana inachuna bamba pembeni. Ncha za saa zinapishana kidogo sana, milimita 0.80, 1.00, 1.20 na kuendelea, kwa hiyo usikisie. Vaa lenzi uangalie. Na zile seti za bei chee zisikutie huzuni: ipitishe ncha kwenye kinoo chenye mafuta mpaka itoshee mkato. Isiwe kali kama wembe, maana inayokatika ndani ya mkato ni kesi nyingine.

Kabla ya yote, punguza nguvu ya springi kubwa. Shika kile kifundo cha pembeni, sukuma kizuizi cha gurudumu kwa kijiti cha meno, kisha uache kifundo kizunguke polepole vidoleni. Ukifungua daraja huku springi imejaa, meno ya magurudumu yanaweza kukatika.

Halafu jiulize: inafunguka upande gani? Skrubu ya gurudumu la kifundo kwenye saa nyingi ina hesi ya kushoto, inafunguka kwa kuelekea kulia. Mtambo wa Unitas 6498 uko hivyo. Baadhi ya viwanda huchora mikato mitatu kichwani kama onyo, vingine havichori kitu. Nahisi nusu ya vichwa vilivyoliwa ninavyoletewa vimeliwa hapo, mtu kakaza akidhani anafungua.

Kama ni kutu, dondoshea tone moja la mafuta ya kulegeza kutu kwa ncha ya sindano, ukiwa umeshatoa balansi na springi yake ya unywele, kisha lala. Asubuhi ikaze kidogo sana, halafu ndipo ufungue. Ikikataa, gusa kichwa kwa ncha ya moto ya pasi ya lehemu, kichwa peke yake, uache ipoe ujaribu tena. Mkato uliobaki kidogo unaweza kuchongwa upya kwa tupa nyembamba, ila usichonge wakati mtambo umefungwa, unga wa chuma utaingia kila mahali.

Ikikatikia ndani, nenda duka la viungo ununue shabu, ile ile ya kutulizia maji na ya baada ya kunyoa. Maji ya shabu yanakula chuma na kuiacha shaba ya manjano, na bamba la saa ni shaba hiyo. Hapa uwe mkali: toa kila kitu cha chuma kwenye bamba, hata pini ndogo za kuelekeza madaraja. Kilichobaki, ukikisahau, nacho kitaliwa. Yeyusha shabu kwenye maji ya moto mpaka isiyeyuke tena, tumia glasi, usitumie sufuria ya chuma. Tumbukiza bamba, weka glasi ndani ya bakuli la maji ya moto. Utaona vipovu vidogo vinapanda kutoka kwenye tundu. Hivyo ndivyo unavyotaka. Inaweza kuchukua saa kadhaa, inaweza kuchukua siku mbili. Kikibaki kitu cheusi laini, kisafishe kwa kijiti, suuza bamba vizuri na ukaushe.

Skrubu mpya usiikisie kwa macho. Soma namba ya mtambo iliyogongwa kwenye bamba, mara nyingi chini ya balansi, utafute mtambo mbovu wa namba hiyo hiyo. Hesi za saa za zamani hazifanani, na skrubu inayoingia kwa kulazimishwa inaharibu hesi ya bamba, ambalo ni ghali kuliko skrubu. Ukinunua huo mtambo mbovu, mdogo wangu, usitoe moja tu. Weka zote kwenye kichupa, uandike namba juu yake.