Kabla ya Kununua Pikapu ya Dizeli
Kijitabu kwa vyama vya ushirika, shule, zahanati, wakandarasi wadogo na kila anayebeba mzigo nje ya lami

Maswali manne kabla ya bei

Mavuno yakishauzwa na fedha zikaingia, viongozi wa vyama huja kwetu na swali lile lile: tununue ipi, Land Cruiser, Hilux, D-Max au Ranger? Huwa hatulijibu hapo hapo. Tunawauliza kwanza: mtabeba nini, mtapita barabara gani, dizeli mtajaza wapi, na fundi aliye karibu nanyi amezoea injini ipi? Kamati isiyo na majibu ya maswali hayo tunaiomba isitoe hata kishika uchumba, kwa sababu mkutano mkuu utakuja kuuliza fedha ya wanachama imekwenda wapi, na jibu la kwamba gari lilipendeza halitamridhisha mtu.

Mzigo

Pikapu nyingi sokoni huitwa za tani moja. Jina hilo limewaponza wengi. Karibu na mlango wa dereva, au kwenye kitabu cha gari, pameandikwa uzito wa juu kabisa ambao gari halipaswi kuuzidi likiwa na kila kitu ndani yake. Toa hapo uzito wa gari tupu, kinachobaki ndicho unachoruhusiwa kupakia, na watu wamo katika hesabu hiyo.

Tuseme dabo kabini ina uzito wa juu wa kilo 3,000 na ikiwa tupu ina kilo 2,000. Dereva na abiria wanne, kila mmoja kilo 70, ni kilo 350. Ngao ya mbele na vyuma vya bodi mlivyochomelea vinaweza kufika kilo 100. Zimebaki kilo 550: magunia matano ya mahindi ya kilo mia mia, au mifuko 11 ya saruji. Sasa kumbuka pikapu ulizoziona zikishuka mlimani na magunia kumi na tano, vibarua wamekaa juu yake, taa za mbele zinamulika matawi ya miti.

Gari la namna hiyo halifi siku hiyo hiyo. Kwanza springi za nyuma hulala. Kisha beringi huanza kulia, breki huchemka kwenye mteremko, na siku moja chesisi hupinda nyuma ya kabini. Dabo kabini huumia zaidi kwa kuwa bodi yake ni fupi na imesogezwa nyuma, hivyo sehemu kubwa ya mzigo hukaa nyuma ya ekseli. Singo kabini hubeba mzigo wake juu ya ekseli na mbele yake, na chesisi haiteseki kiasi hicho.

Mchanga nao una hesabu yake. Mita moja ya ujazo huzidi tani moja na nusu. Bodi ya singo kabini ikijazwa mchanga hadi ukingoni inaweza kupita tani mbili, na macho hayakuonyi kwa sababu mzigo umesawazishwa vizuri, haujachomoza popote.

Ushauri wetu hapa hauna kona. Kama kazi ni mzigo, nunua singo kabini na uwaache wajumbe wa bodi wapande basi. Na kama kila safari ni zaidi ya tani moja, achana na pikapu, tafuta lori dogo la aina ya Canter au Isuzu ya mfululizo wa N. Hatuoni fahari yoyote katika kuiua pikapu kwa kazi ya lori.

Injini: pampu ya zamani na komoni reli

Hapa ndipo fedha nyingi hupotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Injini za dizeli za zamani zina pampu inayosukuma mafuta kwenye kila nozo kwa zamu, bila kompyuta. Mfano unaofahamika kuliko yote katika nchi zetu ni 1HZ ya Land Cruiser: silinda sita, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo, na imekuwa ikitengenezwa tangu mwaka 1990. Nguvu yake ni farasi 130 hivi, na nguvu ya kuzungusha ni nyutoni mita 285. Kwenye karatasi ni injini dhaifu. Hilux ya kisasa yenye injini ya 1GD ya lita 2.8 hufika farasi 204 na nyutoni mita 500. Ukitazama namba tu utashangaa kwa nini mashirika ya misaada, hospitali za misheni na makampuni ya utalii bado yanaitafuta 1HZ.

Sababu iko ndani ya mfumo wa mafuta. Katika komoni reli, dizeli hukusanywa kwenye bomba moja nene chini ya shinikizo kubwa mno, kisha kompyuta huamuru kila nozo ifunguke kwa sehemu ndogo ya sekunde. Tairi la pikapu lina shinikizo la ba mbili na nusu hadi tatu hivi. Ndani ya reli ile shinikizo hupita ba 1,500. Kwa shinikizo hilo dizeli hutoka kama ukungu, huungua vizuri, gari huwa na nguvu na hula mafuta kidogo. Lakini matundu ya nozo ni membamba mno, na tone la maji au chembe ya mchanga ikipita hapo hukwaruza chuma. Nozo ya pampu ya zamani hupelekwa kwa fundi pampu wa mjini, ikasafishwa na kupimwa, na gari likaendelea. Nozo ya komoni reli mara nyingi hubadilishwa, na ikiwa mpya bei yake humtoa mtu jasho. Zidisha mara nne.

Kwa hiyo swali la injini ni swali la dizeli. Kama mko karibu na vituo vya mafuta vyenye wateja wengi, na gereji yenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari iko umbali wa saa mbili, chukueni komoni reli bila hofu. Mtaokoa mafuta kila siku. Kama dizeli yenu hutoka kwenye mapipa na madumu, na fundi wenu anafanya kazi kwa spana na sikio, 1HZ au Hilux za zamani zenye injini za 3L na 5L zitawaheshimu zaidi. Mtalipa ulaji wa mafuta: 1HZ yenye mzigo kwenye vumbi huweza kunywa lita 13 hadi 15 kwa kilomita 100. Hiyo ni gharama unayoiona kila wiki na unaweza kuipangia bajeti. Nozo nne zilizoharibika katikati ya msimu wa kusomba mazao hazipangiwi bajeti.

Jambo lingine ambalo wauzaji hulipita haraka ni mkanda wa taimingi. 1HZ inao, na Hilux za 1KD na 2KD zinao. Ukikatika, vali hugongana na pistoni, na injini hufunguliwa yote. Usipojua ulibadilishwa lini, ubadilishe wiki ile ile unayonunua gari. Kwa 1HZ usivuke kilomita 100,000 na mkanda mmoja. 1GD, 2GD na 4JJ1 ya Isuzu hutumia mnyororo, ambao hauna ratiba hiyo.

Kwa wenye 1KD, ile D-4D ya lita 3.0, tunaongeza neno. Vizibo vya shaba chini ya nozo vikichoka, moshi huvuja kuingia kwenye oili, masizi hukusanyika na kuziba chujio la ndani ya sampu. Oili haipandi tena, injini hujifunga. Vizibo vyenyewe ni vidogo kama pete na bei yake ni ndogo. Vibadilishwe mapema, na sampu ishushwe ikaguliwe.

Dizeli unayoijaza

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipandisha kiwango cha dizeli kuanzia Januari 2015: salfa isizidi miligramu 50 katika kilo moja. Dizeli hiyo inazitosha pikapu nyingi zinazouzwa rasmi katika nchi zetu. Tatizo letu kubwa zaidi ni yale yanayoongezwa njiani. Kwa miaka mingi wachakachuaji walichanganya mafuta ya taa kwenye dizeli kwa sababu yalikuwa na kodi ndogo. Tanzania ilianza kuyawekea mafuta alama maalumu mwaka 2010 ili mdhibiti wake wa nishati, EWURA, aweze kuwabaini, na Kenya mwaka 2018 ikaweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa. Uchakachuaji ulipungua, haukufutika. Mafuta ya taa hayalainishi pampu kama dizeli, chuma husagana na chuma.

Fanyeni jaribio hili ambalo halina gharama. Chukueni dizeli ya kituo mnachokitegemea, jazeni chupa ya kioo angavu, iacheni mezani usiku kucha. Asubuhi inueni chupa kwenye mwanga bila kuitikisa. Maji hukaa chini kama tabaka la pili lenye mpaka unaoonekana, na takataka hutulia chini. Mkiyaona hayo, hameni kituo. Na dereva afundishwe kufungua koki ya chini ya filta ya dizeli na kumwaga maji kila wiki, asisubiri taa iwake kwenye dashibodi.

Nne zinazoulizwa sana

Land Cruiser 79 ndiyo ngumu kuliko zote, na bei yake inalingana na sifa hiyo. Inunuliwe na anayepita kusikopitika: mbugani, migodini, vijiji vinavyokatika masika. Kwa anayeshinda kwenye lami na changarawe nzuri, tunaona ni fedha iliyolala.

Hilux ina faida moja inayozidi nyingine zote, nayo ni spea. Hata senta ndogo isiyo na benki ina duka lenye filta yake. Isuzu D-Max huunganishwa Nairobi, na kwa Kenya hilo lina maana kubwa upande wa spea na mafundi. Injini yake ya lita 3.0 ni mvumilivu, na tungeichagua kwa mzigo kabla ya nyingi nyingine. Ford Ranger, inayotoka Pretoria, ile ya kizazi kilichopita ya lita 3.2 na silinda tano, ina nguvu na raha ya kuendesha. Kwa mjini na safari ndefu ni gari zuri. Kwa wilaya ambayo hakuna aliyewahi kuifungua, subiri kwanza wengine wazoee.

Zile kubwa za Marekani

Ndugu zetu walio Marekani hutuandikia wakitaka kutuma nyumbani Ford F-250, Ram 2500 au Chevrolet Silverado ya dizeli. Ni mashine kubwa kweli. Ram ina Cummins ya silinda sita ya lita 6.7, Ford ina V8 ya lita 6.7, Chevrolet ina Duramax ya lita 6.6, na zote sasa zinapita nyutoni mita 1,000. Kwao zinavuta trela za ng'ombe na boti, na kwa kazi hiyo mwenye kuvuta trela nzito kila siku tungemwambia atazame Cummins kwanza.

Huku zinakutana na mambo matatu. Usukani uko kushoto, na Kenya haisajili gari la namna hiyo kwa mtu wa kawaida. Zimeundwa kwa dizeli ya Marekani yenye salfa isiyozidi miligramu 15 kwa kilo, na vichujio vya moshi vya matoleo ya karibuni huziba mapema kwa dizeli yetu. Tena spea zake hazipo dukani, zinaagizwa. Ndugu, tuma fedha, gari linunuliwe huku.

Ukinunua iliyotumika

Angalia umri kabla ya rangi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye zaidi ya miaka minane. Tanzania huruhusu la zamani zaidi lakini hulitoza ushuru wa ziada wa uchakavu, hivyo gari la bei rahisi Japani huweza kuwa ghali Dar es Salaam. Gari lililo nchini tayari, thibitisha mwenye nalo kupitia TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya kabla ya kulipa, na ulinganishe namba ya chesisi iliyogongwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi. Namba iliyosagwa au kuchomelewa upya isikupe muda wa kujadiliana.

Lala chini ya gari. Magari yaliyokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar hupakwa rangi nyeusi nene chini kuficha kutu ya chumvi. Gonga chesisi kwa nyundo ndogo: chuma kizima hulia, kilicholiwa hutoa sauti ya debe lililojaa pumba.

Kisha injini. Moshi mweusi mwingi ni mafuta yasiyoungua, wa buluu ni oili inayoungua, mweupe usiokwisha baada ya injini kupata moto unaweza kuwa maji au nozo mbovu. Injini ikinguruma, fungua kifuniko cha oili na ukiweke juu chini kwenye tundu. Kikitetemeka kidogo, sawa. Kikirushwa na moshi ukafuka kama chungu kinachochemka, ringi zimechoka, na hapo unanunua injini iliyofika mwisho.

Kilomita za dashibodi hurudishwa nyuma kwa dakika chache. Raba ya pedali ya klachi na kitambaa cha kiti cha dereva havirudishwi, vitazame hivyo.

Nenda na fundi wako mwenyewe, siyo wa dalali, na mfike asubuhi injini ikiwa ya baridi. Weka kiganja juu ya kifuniko cha injini kabla ya kusalimiana sana. Ukikuta kina joto, mwenye gari ameshaliwasha kabla yenu; mwambie mtarudi kesho, na msimpe taarifa ya saa.