Kuchagua Mashine Ndogo ya Mkono kwa Kuchonga na Kung'arisha

Mtu apendaye kazi za mikono, ikiwa ni kuchonga kijiko cha mti, kutia nakshi bangili ya shaba au kutengeneza mkufu uliokatika, hufika siku akatamani mashine ndogo ya umeme imrahisishie kazi yake. Mashine hiyo hushikwa mkononi mfano wa kalamu nene, nayo huzungusha ncha ya chuma au ya jiwe upesi mno. Bei yake si haba, na aina zake ni nyingi. Kwa hiyo yampasa mnunuzi kuyajua mambo machache kabla ya kufungua mfuko wake, kwani asiyeyajua huweza kupoteza fedha, na pengine jicho.

ASILI YAKE

Chombo cha kuzungusha si kigeni katika Afrika ya Mashariki. Tangu zamani mafundi wa majahazi katika pwani walitoboa mbao kwa keekee iliyozungushwa kwa uta na kamba. Katika mwaka 1871 daktari wa meno wa Marekani, James Beall Morrison, alisajili uvumbuzi wake wa keekee ya meno iliyoendeshwa kwa mguu, kama cherehani. Kisha mwaka 1932 Albert Dremel, mzaliwa wa Austria, alianzisha kiwanda katika mji wa Racine, Marekani, na katika miaka hiyo ya 1930 kiwanda chake kikaanza kuuza mashine ndogo ya mkono yenye mota ya umeme. Leo viwanda vingi hutengeneza mashine za namna hiyo, hata watu wengine huziita zote kwa jina la Dremel.

KAZI IFAAYO

Jambo la kwanza ni kujua kazi itakayofanywa. Nguvu ya mashine hii imo katika mbio zake. Zilizo nyingi huzunguka mara 5,000 mpaka 35,000 kwa dakika, hali keekee ya kawaida ya umeme ya kutobolea mbao haizidi sana mara 3,000. Lakini ikikandamizwa kwa nguvu, mota yake hupunguza mwendo, hupata moto, na mwishowe husimama. Basi inafaa kwa kazi ndogo na laini: kutia nakshi, kulainisha pembe, kukata msumari ulioota kutu, kutoboa tundu jembamba na kung'arisha.

Mchongaji wa Wamunyu afanyaye twiga wa mti wa muhugu ataendelea kutumia shoka na tezo katika kuondoa sehemu kubwa ya mti. Mashine itamfaa mwishoni, anapotengeneza macho, masikio na kwato. Hali kadhalika mchongaji wa mawe ya Tabaka, katika nchi ya Kisii, ataitumia kuchora maua juu ya sahani ambayo umbo lake limekwisha kutolewa kwa panga na patasi.

MBIO ZIWEZAZO KUPUNGUZWA

Heri kununua mashine ambayo mbio zake huweza kuongezwa na kupunguzwa. Mbio zikizidi, plastiki huyeyuka na mti huungua ukawa mweusi. Tena kila ncha ina kiasi chake, ambacho huandikwa juu ya kifurushi. Burashi za waya, kwa mfano, kwa kawaida hazipasi kupita mizunguko 15,000 kwa dakika, kwa maana nyaya zake huweza kung'oka zikaruka kama sindano. Kwa kufahamu hatari hiyo, hesabu hii yatosha: kisahani cha kukatia chenye upana wa milimita 25, kikizunguka mara 30,000 kwa dakika, ukingo wake hwenda mbio ya zaidi ya kilomita 140 kwa saa.

UMEME NA BETRI

Umeme wa nyumbani katika Kenya ni wa volti 240, na ule wa Marekani ni wa volti 120. Mashine ya volti 120 iliyoletwa zawadi na ndugu aliyeko ng'ambo, ikitiwa katika umeme wa Kenya, huweza kuungua kwa dakika chache. Kubadilisha plagi hakuondoi hatari hiyo. Sharti kibandiko cha mashine kisomwe kwanza; na ikiwa ni ya volti 120, itumiwe kwa transfoma iwezayo kuchukua wati zake.

Mashine za waya zilizo nyingi huwa na wati 130 mpaka 175, nazo hufaa kwa kazi ya kutwa. Zile za betri hufaa mahali pasipo umeme karibu, lakini betri huisha katikati ya kazi, na baada ya miaka huchoka. Mnunuzi aulize kwanza kama betri ya aina hiyo hupatikana peke yake.

KIBANO, NCHA NA VIPURI

Mdomo wa mashine una kibano kishikacho ncha. Ncha zilizo nyingi zina shina la milimita 3.2 au 2.4, mashine ikubaliyo vibano vya vipimo vyote viwili ni bora. Ikumbukwe kwamba ncha huisha, na gharama yake haikomi siku ya kununua mashine. Ndani ya mota nyingi mna vipande viwili vya kaboni ambavyo hulika polepole. Ikiwa vyaweza kutolewa kwa nje kwa bisibisi, mwenye mashine atavibadilisha mwenyewe.

Dukani, mashine ijaribiwe. Ncha izunguke bila kuyumba, na mwili wake usitetemeshe mkono.

KUJIKINGA

Miwani ya kukinga macho ivaliwe kila mara, hata kwa kazi ya dakika moja. Vumbi la mawe na la mti hudhuru mapafu. Yafaa barakoa na mahali penye hewa. Mikono mirefu ya nguo ikunjwe na nywele zifungwe. Kitu kichongwacho kibanwe katika jiliwa, kisishikwe kwa vidole. Plagi itolewe kabla ya kubadilisha ncha, na mashine ya waya isitumiwe penye maji.

Kabla ya kwenda dukani, mnunuzi aandike katika karatasi kazi tatu anazotaka kuzifanya mwaka huu. Ikiwa zote ni ndogo na laini, mashine hii itamlipa. Ikiwa mbili kati yake ni za kutoboa milango na kukata mabomba, na anunue keekee kubwa. Na kwa ile moja iliyosalia, tupa na msasa vyamtosha.