Kazi ya Kupaka Nyumba, Urithi wa Jamaa

Mji wa Mumias ulipata jina lake kwa Nabongo Mumia, mtawala wa Wawanga, aliyefariki mwaka 1949. Katika siku zake nyumba nyingi za huko zilikuwa za mviringo, zenye kuta za fito na udongo na paa la nyasi. Akina mama ndio waliozisiriba kuta hizo kwa udongo na mavi ya ng'ombe, na kuzirembesha kwa udongo wa rangi. Binti alijifunza kwa mama yake kwa kutazama na kushika. Hivyo kupaka nyumba ni kazi ya jamaa tangu kale.

Kiwanda cha sukari kilipoanza kusaga miwa mwaka 1973, fedha za miwa ziliwasaidia wakulima kujenga nyumba za matofali na mabati. Kuta za namna hiyo hupakwa rangi ya dukani, na kazi ikawa biashara. Baba hushika brashi, mwana hubeba ngazi na kukwangua ukuta. Kwa njia hiyo ufundi hurithiwa bila karo.

Lakini yapasa jambo moja lijulikane. Udongo wa akina mama haukutiwa sumu, bali rangi nyingi za mafuta za zamani zilitiwa madini ya risasi ili zikauke upesi na kudumu. Rangi hiyo ikikwanguliwa kavu hutoa vumbi ambalo hudhuru ubongo wa mtoto. Hata mtoto asiyefika kazini huweza kulipata katika nguo za baba yake. Shirika la Afya Duniani lasema hakuna kiasi cha risasi kilicho salama, na lapendekeza isizidi sehemu 90 katika kila sehemu milioni za rangi.

Basi fundi apendaye kurithisha kazi yake na ashike haya. Kwanza, anunue rangi isiyotiwa risasi. Pili, alowanishe ukuta wa zamani kabla ya kuukwangua, wala asiichome rangi kuukuu. Tatu, watoto wakae mbali mpaka vumbi lifutwe kwa kitambaa chenye maji. Nne, abadili nguo na kunawa kabla ya kurudi nyumbani.

Ukuta uliopauka hupakwa tena, lakini ubongo wa mtoto ukiharibika hautengenezeki.