Dakika Moja na Nusu

Umeagiza chipsi kuku kwa simu, njaa inauma, ukampigia boda: "Oya kaka, fanya chap!" Hiyo chap inakuokolea muda gani? Tupige hesabu.

Chukua umbali wa kilometa 3, tuseme kutoka mgahawani hadi hosteli. Akiendesha kilometa 40 kwa saa, anatumia dakika 4 na nusu. Akikaza hadi 60, anatumia dakika 3. Umeokoa dakika moja na nusu, na hapo hatujahesabu foleni na taa.

Sasa tuangalie upande wa pili. Nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba wa kasi. Kutoka 40 hadi 60, kasi imezidi mara 1.5, lakini nishati imezidi mara 2.25. Umbali wa kusimama baada ya kushika breki nao unazidi kiasi hichohicho. Na kabla hajashika breki, ile sekunde moja ya kushtuka inampeleka mita 11 akiwa kwenye 40, na karibu mita 17 akiwa kwenye 60. Lami ikiwa na maji, kama siku za masika, ndiyo balaa zaidi.

Kwa nini basi anakimbia? Tunapenda kusema "boda hawana akili." Jibu hilo ni rahisi mno. Mara nyingi analipwa kwa oda, si kwa saa. Dakika anazosubiri jikoni hazina malipo, mafuta ni yake, na kama pikipiki si yake, jioni tajiri anataka hesabu. Muda uliopotea jikoni atautafuta barabarani. Katikati ya safari simu inaita: ni wewe, unauliza amefika wapi.

Haraka inaweza kupunguzwa na walioianzisha. Marekani, Domino's Pizza ilikuwa ikiahidi kufikisha piza ndani ya dakika 30. Mwaka 1993 iliifuta ahadi hiyo, baada ya mahakama ya St. Louis kuamuru fidia ya mamilioni ya dola kwa mwanamke aliyegongwa na dereva wa piza aliyepita taa nyekundu.

Sisi tufanye nini? Agiza mapema, kabla njaa haijakushika. Andika jengo na geti sawasawa ili asiendeshe huku anasoma simu. Akiwa njiani usimpigie. Tuma ujumbe atausoma akisimama. Akichelewa kwa mvua, usimpe nyota moja.

Na wewe mwenzetu unayeendesha boda kutafuta ada, vaa helmeti na uifunge mkanda. Mapitio ya tafiti ya Cochrane ya mwaka 2008 yalionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Ikining'inia kwenye usukani haikusaidii kitu.

Chipsi zikipoa zinapashwa moto.