Mche Mrefu Si Lazima Uwe Mche Bora

Mvua ya masika inapokaribia, wakazi wengi wa Kaunti ya Kilifi hununua miche ya miembe, mikorosho na mivinje. Kitaluni, macho huenda kwanza kwa mche mrefu kuliko yote. Wiki chache baadaye mche huo umelala chini au umekauka, na lawama huangukia udongo au mvua. Mara nyingi tatizo lilianza mapema, pale mche ulipolelewa.

Mbuzi akikosa maji huyafuata yaliko. Mmea hauwezi kuhama. Hubadilisha namna unavyokua. Kwa hiyo umbo la mche humweleza mnunuzi maisha uliyopitia.

Mwanga

Mche uliosongamana na mingine, au uliowekwa kwenye kivuli kizito, hurefuka haraka ukitafuta jua. Shina huwa jembamba, majani hupauka na nafasi kati ya jani na jani huwa kubwa. Urefu wa aina hiyo ni dalili ya njaa ya mwanga.

Mwanga ukitoka upande mmoja, mche huinama upande huo. Mwaka 1880, Charles Darwin na mwanawe Francis walieleza jinsi walivyofunika ncha za miche michanga ya nyasi kwa vifuniko visivyopitisha mwanga. Miche iliyofunikwa haikuinama. Iliyoachwa wazi iliinama. Baadaye wanasayansi walitambua kemikali ya ukuaji iitwayo auksini. Hiyo hujikusanya zaidi upande wa shina wenye kivuli, seli za upande huo zikarefuka kuliko za upande wa pili, na shina likapinda kuelekea mwangani.

Maji

Mizizi hushuka kwa kufuata mvuto wa ardhi, na hustawi zaidi penye unyevu. Mche shambani ukimwagiwa maji kidogo kidogo kila siku, unyevu hubaki juu, na mizizi nayo hubaki juu. Jua kali la Januari na Februari likikausha udongo wa juu, mche hauna pa kunywea. Mche ulioshika vizuri unafaa kupewa maji mengi mara chache, yazame chini.

Ndani ya kiriba, mzizi ukifika mwisho hujizungusha. Ukipandwa hivyo unaweza kuendelea kujizungusha kwa miaka, na mti mkubwa ukang'olewa na upepo.

Upepo

Mche unaotikiswa na upepo wa kiasi hukua mfupi na wenye shina nene. Uliofungwa kwa nguvu kwenye kijiti haupati zoezi hilo, na kamba ikitolewa hushindwa kusimama upepo wa kusi unapovuma.

Mambo ya kuzingatia

1. Chagua mche wenye shina imara na majani ya kijani, hata kama ni mfupi.
2. Kagua chini ya kiriba. Ukiona mizizi mingi imejizungusha, chagua mwingine.
3. Wiki 2 hadi 4 kabla ya kupanda, punguza kivuli na maji polepole ili mche uzoee hali ya shambani. Usiuache unyauke kabisa.
4. Panda mvua ikishalowesha udongo vizuri, jioni au siku ya mawingu.
5. Ondoa kiriba chote, kata mizizi iliyojizungusha, na usivunje udongo ulioshika mizizi.
6. Weka nyasi kavu kuzunguka mche kuhifadhi unyevu, lakini zisiguse shina.
7. Ukitumia kijiti, funga kamba kwa kulegeza.

Jaribio la nyumbani

Watoto wanaweza kujionea wenyewe. Panda kunde katika makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja liwekwe uani penye jua, jingine ndani ya chumba karibu na dirisha. Baada ya siku 10 hivi, kunde za ndani zitakuwa ndefu, nyembamba na zimeelekea dirishani. Za uani zitakuwa fupi na zimesimama. Mtoto akiulizwa ni zipi angepeleka shambani, hatahitaji kuambiwa jibu.

Kwa ushauri zaidi kuhusu miche inayofaa eneo lake, mkazi anaweza kumwona afisa wa kilimo wa wadi kabla ya kununua.